GRISI YA SILIKONI: SOMA KWANZA, NUNUA BAADAYE

Siku hizi pikipiki zimejaa vijijini. Zinabeba abiria, magunia ya mahindi, hata wagonjwa. Breki ikikamata njiani, mwenye pikipiki anapoteza kazi ya siku nzima. Breki ikikataa mteremkoni, watu wanaweza kufa. Mara nyingine kilichokosekana ni grisi kidogo tu, tena ya aina inayofaa. Leo tujifunze kuichagua bila kutupa fedha.

Grisi ya kawaida

Grisi ya kawaida hutengenezwa kwa mafuta yanayochimbwa ardhini. Bei yake ni nafuu. Inafaa mahali ambapo chuma kinabeba mzigo juu ya chuma, kama beringi za magurudumu na shingo ya usukani. Tafuta grisi ya lithiamu, namba 2. Kwenye kopo huandikwa "NLGI 2".

Lakini grisi hii ni adui wa mipira ya breki ya diski. Mpira ukiipata, huvimba na kulainika. Mpira uliovimba hubana, na breki hairudi vizuri. Ndipo unasikia gurudumu zito na diski inachemka.

Grisi ya silikoni

Grisi ya silikoni haivimbishi mipira hiyo. Maji hayaioshi upesi. Inavumilia joto, na haipitishi umeme. Kwa hiyo inafaa mahali patatu:

1. Pini ambazo breki ya diski huteleza juu yake. Pini hizo zimevikwa mipira.
2. Ndani ya ukingo wa mpira wa kofia ya plagi, ili maji ya mvua yasiingie.
3. Kwenye mipira ya soketi za nyaya. Usijaze penye vyuma vinavyogusana.

Je, tuipake na kwenye beringi? Hapana. Haiwezi mzigo mkubwa wa chuma kwa chuma. Utatumia fedha nyingi na beringi itakufa.

Tena kumbuka: grisi yoyote isiguse diski, pedi wala shu za breki. Ikigusa, breki haishiki.

Soma neno la pili

Dukani utakuta vitu viwili vyenye majina ya kufanana. Maandishi yake ni ya Kiingereza. Kimoja kimeandikwa "SILICONE GREASE". Hiyo ndiyo grisi. Kingine kimeandikwa "SILICONE SEALANT" au "SILICONE GASKET MAKER". Hiyo ni gundi ya kuziba injini. Ikikauka inakuwa kama mpira. Ukiipaka kwenye pini za breki, zitaganda.

Anayesoma neno la kwanza tu atabeba gundi nyumbani. Wewe unajua kusoma, basi soma na neno la pili. Bomba lisilo na maandishi liache dukani.

Wengine husema mafuta ya mgando yanatosha. Hayafai kwa mipira hii. Nayo hutokana na mafuta ya ardhini.

Tupige hesabu

Tuseme bomba la gramu 5 ni shilingi 2,000. Bomba la gramu 100 ni shilingi 15,000.

Bomba dogo: 2,000 ÷ 5 = shilingi 400 kwa gramu.
Bomba kubwa: 15,000 ÷ 100 = shilingi 150 kwa gramu.

Kubwa ni rahisi zaidi. Lakini pini za breki zinataka utando mwembamba tu. Ukiwa peke yako, gramu 100 ni fedha zilizolala. Nunua dogo. Mkiwa 10 kijiweni, changeni shilingi 1,500 kila mmoja. Kila mtu atapata gramu 10. Atakuwa ametoa fedha pungufu ya bomba dogo, na amepata grisi mara mbili. Lifungeni vizuri, mchanga usiingie.

Namna ya kupaka

Futa grisi ya zamani kwa kitambaa safi kikavu. Usioshe mipira kwa petroli, itaharibika. Paka kidogo, kisha rudisha mipira mahali pake. Kama hujawahi kufungua breki, mpelekee fundi. Mwulize, "Bwana fundi, unapaka grisi gani?" Ni haki yako kujua.

Maneno ya kujifunza

kuvimba: kuongezeka ukubwa
kuganda: kushikamana, kutosogea
utando: tabaka jembamba

Maswali

1. Kwa nini grisi ya kawaida haifai kwa mipira ya breki ya diski?
2. Taja mahali patatu pa kupaka grisi ya silikoni.
3. Utajuaje kama bomba ni la grisi au la gundi?
4. Watu 6 wamenunua bomba la shilingi 15,000. Kila mmoja atatoa shilingi ngapi?

Jadilianeni darasani au kijiweni. Kisha nendeni mkasome maandishi ya makopo mliyo nayo nyumbani.