Mgeni Huongoza Alichokikuta: Mafunzo Niliyopata na Saksafoni za Kaloleni

Kaloleni ni mtaa wa Nairobi uliojengwa miaka ya 1940. Nyumba zake za mawe zimezunguka viwanja vya wazi, na ukumbi wake wa kijamii ulitumiwa sana na wanasiasa wa enzi za kupigania uhuru, hadi watu wakaupachika jina la Bunge. Ni mtaa uliozoea kumpa mgeni jukwaa. Mimi hupuliza saksafoni ya baritoni, na kwa miaka kadhaa nimekuwa miongoni mwa wanaoratibu kikundi cha wapulizaji kutoka makanisa na bendi za harusi za hapa kwetu na mitaa jirani: Makongeni, Maringo, Bahati, Jericho. Tukitimia tunapita 20, na kila mmoja ameshika saksafoni.

Hatuna mwongozaji wa kudumu. Sisi hualika. Amewahi kuja mzee aliyestaafu kutoka bendi ya polisi, mwalimu wa kwaya, mwanamuziki wa Kongo anayeishi Nairobi, mwalimu wa saksafoni kutoka Ulaya aliyekuwa akipita tu. Wengine huja na kijiti mkononi, wengine na saksafoni shingoni. Kwao wote nimejifunza jambo moja linalobeba mengine: mgeni haongozi bendi anayoitamani, huongoza aliyoikuta. Ndiyo maana nusu ya kazi yake iko mikononi mwa wenyeji.

1. Sauti zilinganishwe kabla mgeni hajaingia

Saksafoni zetu nyingi ni za mkono wa pili, na ni nadra kukuta mbili za kiwanda kimoja. Ala ikiwa baridi, sauti yake hushuka. Ikipata joto, hupanda. Asubuhi ya Julai hapa Nairobi, tofauti hiyo huisikia hata mtoto. Kwa hiyo tumejiwekea desturi: kabla ya mgeni kufika, kila mtu anapuliza noti ndefu, polepole, mpaka ala ipate moto. Kisha tunalinganisha kwa B-flati ya kinanda. Wenye alto na baritoni wanapuliza G yao, wenye soprano na teno wanapuliza C yao. Aliye juu anavuta kipande cha mdomoni kitoke nje kidogo. Aliye chini anakisukuma ndani. Mwisho tunakagua D ya kati, ambayo kwenye saksafoni nyingi hupenda kupanda, ili kila mtu ajue aulegeze mdomo kwa kiasi gani.

Hakuna haja ya kumwita mtu kutoka mbali aje kusimamia kazi hiyo. Akiikuta haijafanywa, saa yake ya kwanza yote itaishia hapo. Akiikuta imefanywa, ataanza na muziki, na muziki ndio alioitiwa.

2. Kila mtu atafute do yake

Atakayesimama mbele ya saksafoni nyingi lazima alijue jambo hili mapema: G ya mmoja si G ya mwenzake. Alto na baritoni ni ala za E-flati, soprano na teno ni za B-flati. Wimbo ukiwa kwenye G ya kinanda, mwenye alto anaupiga kwa E, mwenye teno kwa A. Mgeni aliyezoea gitaa akisema tu, “Anzeni na G,” atasikia sauti mbili zinazogongana, na watu wote watakuwa wametii.

Dawa tuliipata kwa mwalimu wa kwaya. Alituuliza ni nani kati yetu amewahi kuimba kwaya shuleni au kanisani. Mikono yote ikapanda. Akachukua chaki, akaandika mstari mzima wa wimbo kwa sol-fa, yaani d, r, m, f, kisha akasema, “Kila mtu atafute do yake. Ukishaipata, hizo nyingine unazijua tangu utotoni.” Tukaanza kupiga. Vijana waliokuwa wakihangaika na nota za mistari mitano walikuwa wa kwanza kufika.

Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu 1927, na kwaya za shule na makanisa zimelea vizazi vya watu wanaosoma sol-fa kama wanavyosoma gazeti. Hiyo ni elimu kamili, na mgeni mwenye hekima huanzia hapo. Tangu siku ile, karatasi zetu zote zina sol-fa chini ya nota.

3. Aimbe kwanza

Mpulizaji wa Ethiopia Getatchew Mekurya, aliyefariki 2016, alijulikana kwa kuuhamishia kwenye saksafoni ule ughani wa kishujaa wa kwao uitwao shellela. Alipofanya kazi na The Ex, bendi ya Uholanzi, hakuwaendea ili ajifunze kupiga kama wao. Alikwenda na nyimbo zake, wao wakajifunza jinsi sauti yake inavyokwenda, na mwaka 2006 ikatoka albamu Moa Anbessa. Mgeni alikuwa na kitu cha kuimba kabla hajawa na kitu cha kupuliza.

Niliuelewa mfano huo vizuri zaidi siku tulipoongozwa na yule mwanamuziki wa Kongo. Alitusikiliza mara moja, akatuambia, “Vijana, wekeni ala chini. Imbeni.” Tukaimba mstari wa saksafoni kwa la-la-la. Akatukatiza mahali ambapo sote tulivuta pumzi kwa pamoja. “Hapo mmeufungua mlango, wimbo umetoka,” akasema. Akapita safu kwa safu akigawa pumzi: huyu avute baada ya noti ya tatu, jirani yake baada ya noti ya tano, yule wa nyuma asivute mpaka mstari uishe. Tuliposhika ala tena, ule mstari ulikwenda bila kukatika mahali popote. Watu zaidi ya 20 wanaopuliza wimbo mmoja wana uwezo ambao wapulizaji wachache sana wanao peke yao: wanaweza kushikilia sauti kwa muda wautakao, ikiwa tu hawavuti pumzi pamoja. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi zetu zozote.

4. Anayeongoza akipuliza apewe wasaidizi

Katika muziki wetu wa dansi, kiongozi mara nyingi husimama ndani ya bendi, si mbele yake. Verckys Kiamuangana Mateta wa Kongo alipuliza saksafoni katika OK Jazz ya Franco kabla ya kuondoka 1969 na kuanzisha Orchestre Vévé. Manu Dibango wa Kamerun, aliyepitia African Jazz ya Joseph Kabasele mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliitwa Abidjan 1975 kuongoza okestra ya redio na televisheni ya Côte d’Ivoire, akiwa mgeni katika nchi ile. Wote wawili waliongoza wakiwa na ala mdomoni.

Lakini mtu anayepuliza hana mikono ya kuonyesha mapigo. Ana macho, mabega na mwelekeo wa saksafoni yake, na aliye safu ya tatu haoni macho ya mtu. Mgeni wa namna hiyo akija, huwa tunaafikiana naye ishara kabla ya kuanza. Saksafoni ikiinuliwa, tunarudia kiitikio. Ikiteremshwa, tunafunga. Tunakaa nusu duara, na pembeni kila upande anasimama mpulizaji mmoja mwenye uzoefu anayemtazama kiongozi, na safu za nyuma zinamtazama yeye. Na daima tunauliza swali dogo: nani atahesabu moja, mbili, tatu? Bendi nyingi huvurugika katika mapigo manne ya kwanza kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ndiye atakayehesabu.

5. Muziki uandikwe kwa ajili ya watu waliopo

Adolphe Sax, Mbelgiji wa Dinant, alipopewa hataza ya ala hii mjini Paris 1846, alikuwa amebuni ukoo mzima, kuanzia wadogo wenye sauti nyembamba hadi wakubwa wa besi. Vikundi vikubwa vya ng’ambo vina ukoo huo karibu wote, na muziki wao huandikwa hivyo. Huku kwetu alto ndizo nyingi, kwa kuwa ni nyepesi, bei yake ina nafuu, na ndizo wanaoanza hununua. Teno ni chache. Baritoni tupo wawili. Sopranino na besi hatuna.

Kwa sababu hiyo, mgeni akikubali mwaliko tunamtumia orodha ya kweli: alto ngapi, teno ngapi, nani anasoma nota, nani anasoma sol-fa, nani anapiga kwa kusikia tu, baritoni ipi ina ufunguo usiofunga vizuri. Yule mwalimu wa Ulaya alipopata orodha yetu aliupanga muziki upya kabla ya kufika. Alto aliwagawa mara nne, mstari wa besi akaugawanya kati ya baritoni na teno, na noti zilizokuwa chini ya uwezo wetu akazipandisha. Kipande kikasikika kana kwamba kilitungwa hapa kwetu Jogoo Road. Naamini hiyo ndiyo adabu ya kwanza ya mwongozaji mgeni: kuuliza ni nani watakaokuwa mbele yake.

6. Kukosoa kuna njia yake

Katika kikundi chetu mzee wa miaka 60 anaketi karibu na mwanafunzi wa kidato cha pili. Mgeni anayemsahihisha mzee mbele ya watoto kwa sauti ya kijeshi atapata noti sahihi na bendi iliyonyamaza.

Yule mstaafu wa bendi ya polisi, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya amri, alitufundisha njia nyingine. Alisikia mmoja wa wazee wetu akiharakisha mahali pamoja kila tuliporudia. Hakulitaja kosa. Alisimamisha bendi, akamwambia, “Mzee wangu, naomba unipigie sehemu hii peke yako, polepole, hawa vijana waisikie.” Mzee akaipiga polepole, akajisikia mwenyewe, akaipiga tena. Sote tukaifuata. Hakuna aliyeaibika, na kosa halikurudi. Nimeshuhudia watu wenye shahada za muziki wakishindwa kufanya hivyo.

7. Mgeni alipwe

Hili halihitaji maneno mengi. Nauli, chai na malipo vikubaliwe kabla, hata kama ni kidogo, na vitolewe siku hiyohiyo. Wanamuziki wa mitaa yetu hii ya Eastlands wamechoka kuahidiwa kwamba watapata jina. Tukimlipa mgeni tunajifunza pia kudai haki yetu tunapoitwa kwingine.

8. Ziara huzaa penye mwalimu wa kila siku

Mfano mkubwa wa jambo hili hauko mbali nasi. Ghetto Classics, mradi ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge mwaka 2008 Korogocho, karibu na jaa la Dandora, huwafundisha watoto ala za okestra katika eneo ambalo wengi hawakutarajia kuona fidla wala klarineti. Tamasha la Safaricom Jazz lilipoanza 2014, mapato yake yalielekezwa huko, na wanamuziki wakubwa waliokuja kwa tamasha wakaenda kukaa na watoto wale na kupiga nao. Ziara hizo zilikuwa na faida kwa sababu Jumatatu iliyofuata mwalimu wao alikuwapo, na wanafunzi waliotangulia walikuwa wakiwafundisha wadogo zao. Mgeni aliongeza juu ya kitu kilichokuwapo.

Nasi tumelichukua hilo. Wakati mgeni anaongoza, mtu mmoja hapulizi kabisa; kazi yake ni kuandika: alisema nini kuhusu pumzi, alibadilisha kasi mahali gani, alitaka noti ipi iwe fupi. Katika mazoezi yanayofuata tunapiga kipande kilekile bila mtu mbele. Palipodhoofika tunaparudia, mpaka yule kijana wa mwisho aliyejiunga naye aweze kueleza kwa nini tunapapiga hivyo. Baada ya hapo mmoja wetu anasimama kuongoza, na kila mara anakuwa mwingine. Mwanzoni walisimama wazoefu tu. Siku hizi wanasimama hata wasichana wawili wa sekondari wanaopuliza alto, na mmoja wao tayari amealikwa kuongoza bendi ya kanisa mtaa wa jirani. Ninapoulizwa faida ya kuwaita wageni wote hawa, huyo ndiye ninayemtaja: kwa mara ya kwanza, mgeni anayesubiriwa mahali fulani ametoka Kaloleni.