Viungo vinapoalika: Ni lini unapaswa kumwona daktari?

Je, magoti yako hulia unapochuchumaa au unapopanda ngazi? Je, una mazoea ya kuvuta vidole mpaka vialike? Wakazi wengi wa Nyeri, Karatina, Nanyuki na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya huzisikia sauti hizi kila siku. Kuna wanaotishika wakidhani mifupa inasagika. Kuna pia wanaopuuza hata pale wanapostahili kukimbia hospitali. Ni vyema kujua tofauti.

Sauti hutoka wapi?

Kiungo ni mahali mifupa inapokutana. Ncha za mifupa hiyo hufunikwa na gegedu, ambayo ni nyororo, na katikati mna ute mzito unaofanya kazi kama grisi kwenye mashine. Ute huo una gesi iliyoyeyuka ndani yake. Unapokivuta kidole, nafasi iliyo ndani ya kiungo hupanuka ghafla, na uwazi mdogo wa gesi hutokea. Hapo ndipo mlio husikika. Mwaka wa 2015 watafiti nchini Kanada walipiga picha za vidole vikialika wakaona jambo hilo. Kidole hicho hakitaalika tena mpaka dakika kama 20 zipite. Milio mingine hutoka wakati kano inapoteleza juu ya mfupa.

Wengi huonywa tangu utotoni kwamba kualisha vidole huleta ugonjwa wa viungo. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto pekee kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka wa 1998 aliandika kwamba hakuona ugonjwa huo katika mkono wowote. Huyo ni mtu mmoja tu, lakini uchunguzi uliofanyiwa watu wengi zaidi pia haukuonyesha kwamba mazoea hayo huleta ugonjwa.

Je, baridi ndiyo ya kulaumiwa? Jina lenyewe "baridi yabisi" huwafanya wengi waamini hivyo, hasa mwezi wa Julai. Ni kweli kwamba baridi hufanya viungo viwe vizito na maumivu yazidi kusikika, lakini siyo inayoharibu gegedu. Ukingoja jua litoke ili upone, huenda ukachelewa kutibiwa.

Dalili za kuangalia

Sauti peke yake, bila maumivu wala uvimbe, si ugonjwa. Jiulize imeandamana na nini. Mwone daktari ikiwa:

1. Kiungo huuma kila kinapoalika, na maumivu hayaishi baada ya wiki chache.

2. Kiungo kimevimba.

3. Goti hukwama, likakataa kukunjuka. Huenda kipande cha gegedu kimechanika.

4. Goti hulegea ghafla unapotembea, kana kwamba litakuangusha.

5. Ulisikia mlio ulipoteleza kwenye matope, ulipoanguka kwa bodaboda au ulipocheza kandanda, kisha kiungo kikavimba. Huenda kano imekatika. Usikikanyagie kwa nguvu.

6. Vidole vya mikono yote miwili huwa vigumu kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa.

Hali ya dharura

Kiungo kikivimba ghafla, kikawa cha moto na kuuma sana, nawe una homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda viini vimeingia ndani, na vinaweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu. Usitegemee wekundu, kwani kwenye ngozi nyeusi hauonekani kwa urahisi. Mtoto mwenye homa anayekataa kukanyaga chini pia apelekwe haraka. Usikubali kiungo cha namna hiyo kikandwe au kuvutwa.

Jitunze

Magoti hubeba uzito mkubwa zaidi unapoteremka kuliko unapotembea kwenye tambarare. Anayeteremka na kikapu cha majani chai kutoka miteremko ya Othaya, au na gunia mgongoni kwenda sokoni Karatina, anafaa kugawa mzigo na kupumzika njiani. Punguza uzito wa mwili ukizidi, na uimarishe misuli ya mapaja: keti kitini, nyoosha mguu mmoja, uhesabu hadi tano, kisha uushushe polepole.

Usinunue vidonge vya maumivu dukani na kuvimeza kila siku kwa miezi. Baadhi yake huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo, huku kiini cha maradhi kikiendelea.

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, utatumwa kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali kubwa za Nyeri, Nanyuki, Kerugoya, Embu au Meru. Kabla ya kwenda, andika kwenye karatasi: mlio ulianza lini, hutokea ukifanya nini, kama uliwahi kuumia hapo, na dawa ulizokwisha kumeza. Maelezo hayo yatamsaidia daktari kutambua upesi kinachokusumbua.