SOMO LA ROBO HII: UZI WA KUFUMIA KUTOKA KWENYE FUNGU LA MITUMBA



Katika ziara zetu za vigango vya Mlali, swali tunaloulizwa zaidi na vikundi vya akina mama wanaofuma ni hili: uzi tutaupata wapi kwa bei tunayoiweza? Ugogo ni nchi ya mifugo, lakini kondoo wetu ana manyoya mafupi yasiyosokoteka, hatoi sufi. Uzi mpya huletwa kutoka maduka ya mjini, na kikundi kinachoukopa hujikuta kimeuza sweta kwa bei ile ile kilichonunulia uzi. Tulishuhudia kikundi kimoja kikivunjika kwa sababu hiyo, wanachama wakidaiana hadi nje ya mlango wa kanisa.

Uzi wa bei nafuu upo mnadani, kwenye mafungu ya mitumba. Sweta zito la mtu mzima kutoka Ulaya halina wanunuzi wengi hapa kwetu, hasa kipindi cha joto. Likifumuliwa linaweza kutoa gramu 400 hadi 600 za uzi. Sweta la mtoto wa darasa la kwanza au la pili huhitaji gramu 200 hivi. Kwa hiyo sweta moja kubwa lililochaguliwa vizuri huvisha watoto wawili, na uzi kidogo hubaki kwa kofia ya mtoto mchanga.

Neno muhimu hapo ni “lililochaguliwa vizuri”. Siku ya kwanza mimi mwenyewe niliongozana na akina mama, tukanunua masweta 12 kwa kutazama rangi tu. Saba kati yake hayakufaa kitu. Yalikuwa yamekatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kilichofumwa kiwandani, kisha yakashonwa kwa ovaloki. Ukivuta uzi, unapata vipande vifupi vya urefu wa kifua, mamia kwa mamia. Hela ile ilikuwa michango ya wanakikundi, nami sikuwa na la kuwaambia.

Tangu siku hiyo, kabla ya kuuliza bei tunageuza sweta ndani nje. Tazama mshono wa ubavuni. Ukiona kingo mbili safi zilizoungwa kwa uzi mmoja unaopita kama mnyororo, hilo linafumuka. Ukiona nyuzi nyingi zimezungushwa kwenye ukingo kama wa fulana, liache. Kisha livute kidogo kwa mikono miwili: vitundu vya mfumo vikifunguka na kurudi, ni zima. Likiwa gumu na zito kama blanketi, maana yake sufi imefuliwa kwa maji ya moto ikaganda, na haitafumuka hata mkeshe nalo. Tundu moja la nondo si kasoro kubwa. Matundu mengi ni kasoro, kwa kuwa kila tundu ni fundo jipya.

Kujua aina ya uzi, omba ruhusa ya mchuuzi uchomoe nyuzi kidogo, uzichome kwa kiberiti mbali na nguo. Sufi hunuka kama nywele zinazoungua, hujizima upesi, na majivu yake husagika vidoleni. Uzi wa kiwandani wa akriliki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Vyote vinafaa. Akriliki hustahimili ufuaji wa watoto wa shule, ila usiipige pasi ya moto. Sufi ina joto zaidi, lakini ifuliwe kwa maji baridi bila kusuguliwa.

Nyumbani, kata mishono kwa wembe taratibu, tenganisha mikono, mgongo na kifua, kisha anza kufumua kutoka juu, kwa kawaida pale kazi ilipomalizikia. Mmoja avute, mwingine azungushe uzi kwenye mgongo wa kiti. Funga fungu hilo mahali panne kwa kamba legevu, lifue kwa sabuni, lianike kivulini likiwa na chupa ya maji imening'inia chini yake. Uzi uliojikunja utanyooka. Kazi hii hupendwa na bibi wasioweza tena kwenda shamba, na ndipo habari zote za kijiji zinapopatikana.

Sindano zisiwe kikwazo. Spoku mbili kuukuu za baiskeli, zikisuguliwa ncha kwenye jiwe, zinatosha kwa uzi mwembamba. Kwa uzi mnene chonga za mwanzi, uzilainishe kwa msasa.

Kuhusu wakati: msiende Juni. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzijoto 13 hivi, kila mzazi anatafuta sweta na wachuuzi wanalijua hilo. Nendeni Oktoba au Novemba, jioni, mchuuzi anapofunga mzigo. Nunueni rangi moja moja kwa ajili ya sare, yaani bluu, kijani au damu ya mzee, kufuatana na shule zenu. Rangi mchanganyiko ziwe za kofia na mablanketi ya watoto wachanga.

Kwa wafadhili wetu, tunashukuru kwa vifurushi vya uzi mnavyotuma. Tuseme ukweli kwa upendo: gharama ya kusafirisha kifurushi kimoja mara nyingi hununua uzi mwingi zaidi hapa mnadani. Mtaji mdogo wa kununulia mafungu kipindi cha joto utasaidia kuliko mashine ya kufumia isiyo na vipuri. Mtakumbuka kwamba wajane wa Yafa walimwonyesha Petro nguo alizowashonea Dorkasi mwenyewe, akiwa kati yao.

Kamati za parokia nazo zijue kwamba mitumba haina uhakika wa milele. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Tanzania haikuendelea na mpango huo, lakini huweza kurudi. Kwa hiyo sehemu ya faida ya kila sweta iwekwe kando kwa ajili ya uzi mpya, na daftari lake lisomwe mbele ya wanachama wote kila mwezi, mhazini akiwepo.