Hesabu ya saa za mtu

Siku moja ina saa 24, na juma moja lina saa 168. Mwaka wa siku 365 una saa 8,760. Basi, atakaye kugeuza saa kuwa siku, azigawanye kwa 24. Atakaye kuzigeuza kuwa miaka, azigawanye kwa 8,760.

Mfano. Mkristu mmoja hukaa penye pombe muda wa saa 3 kila siku. Saa 3 ni sehemu ya nane ya siku. Kwa hiyo, katika miaka 40 amekaa penye pombe miaka 5 kamili, usiku na mchana. Naye husema hana nafasi ya kwenda Misa.

Misa ya saa moja kila Dominika, majuma 52 kwa mwaka, katika miaka 40 ni saa 2,080. Zikigawanywa kwa 24, ni siku 86 na saa 16.

Swali: Je, Mungu amemdai mtu huyo mengi?
Jibu: Hapana. Amempa miaka 40, na Misa zake zote hazitimizi miezi mitatu.

Zoezi: Mtoto asalipo robo saa kila siku, kwa mwaka amesali saa ngapi?
Jibu: Saa 91 na robo.