Tafakari ya Siku ya 12: Nani alitoa kiwanja?

 

Mmeniuliza sana habari za ile safari ya Cape Town, Afrika Kusini, tuliyokwenda walimu sita wa madrasa Ramadhani iliyopita. Nimechelewa kuisimulia, na sababu mtaiona.

Tulifikia Bo-Kaap, mtaa wa mlimani wenye nyumba za kila rangi. Mababu wa Waislamu wa pale wengi waliletwa na Waholanzi wakiwa watumwa au wafungwa, kutoka visiwa vya Indonesia, India, Madagascar na hata Msumbiji. Mmoja wa wafungwa hao ni Imam Abdullah bin Qadhi Abdus-Salaam wa kisiwa cha Tidore. Wenyewe humwita Tuan Guru, yaani bwana mwalimu. Mwaka 1780 alitiwa kifungoni Robben Island, akakaa huko zaidi ya miaka kumi. Msahafu hana, basi akauandika kwa hifadhi yake, kutoka kifuani! Msahafu wa mkono wake wanao mpaka leo. Mimi nina misahafu mitano nyumbani na mwingine kwenye simu, na Yasin nikikatizwa katikati lazima nianze upya.

Alipofunguliwa akaanzisha madrasa mwaka 1793, watumwa wakasoma. Mwaka 1794 ukasimama Msikiti wa Auwal, na ruhusa ya kuabudu hadharani ilikuja 1804, kwa hiyo hesabuni wenyewe walivyokuwa wakiswali kwa hofu. Kiwanja kilikuwa cha Coridon, mtumwa aliyepata uhuru, kisha kikawa cha binti yake, Saartjie van de Kaap. Mama huyo ndiye aliyekitoa kiwe msikiti. Jina lake wanalijua hata watoto wa chuoni.

Kabla ya magharibi tuliona jambo la kwetu kabisa. Watoto wanapita na sahani zilizofunikwa, nyumba hii kwenda ile. Tulipewa kitu wanachokiita koesister, ndugu wa kaimati, ila kimepakwa nazi juu. Nikamkumbuka mama: "Peleka kwa jirani, usimwage, na sahani uje nayo."

Basi tumekaa tunafuturu, mzee mwenyeji akaniuliza, "Na msikiti wenu, sheikh, nani alitoa kiwanja?"

Nikasema, "Wazee wetu."

"Wazee gani?"

Nikanyamaza. Miaka 14 naswalisha pale. Tarehe za watu wa Cape Town nimeziandika daftarini, za kwetu sina hata moja. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatuambia tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mimi nimeisomesha aya hiyo mara ngapi sijui.

Nilirudi nikiwa na nia ya kuuliza. Mara mitihani ya madrasa, mara bati la msikiti linavuja, mwezi ukaingia mwezi ukatoka. Mzee wetu aliyekuwa akijua yote hayo akafariki Rajabu hii. Nilimswalia jeneza mimi mwenyewe, na swali langu bado ninalo.

Amebaki bibi mmoja. Nilimwendea wiki iliyopita. Akaniambia kiwanja kilitolewa na mwanamke, mjane aliyekuwa akiuza samaki. Jina lake analikumbuka, la baba yake limempotea. Kaburi lake liko nyuma ya birika la kutawadhia. Hapo, ndugu zangu, ndipo tunapoegesha pikipiki.

Jana tumeziondoa. Ijumaa baada ya swala tutapasafisha, njooni na mafagio na majembe. Nanyi mlio mbali, leo kabla ya futari mpigieni simu mzee mmoja wa msikiti wenu mumuulize, kisha nitumieni jina. Nitayasoma yote kwenye dua baada ya tarawehe.