Thamani ya ploti yetu imeandikwa ngapi?

Somo la kikundi: kodi ya ploti, na jinsi ya kuuliza mpaka ujibiwe



Siku hizi miji inakua na kumeza vijiji. Shamba la jana leo ni mtaa, na soko dogo limekuwa mji wa manispaa. Vikundi vingi vya kujisaidia vina ploti moja sokoni: ya kinu cha posho, ya duka, au ya vyumba vya kupangisha. Siku moja karatasi ya kodi inafika kutoka kaunti, na kelele zinaanza.

Somo hili ni la mkutano mmoja. Katibu alisome kwa sauti, sehemu moja moja, na watu wajadiliane kabla ya kuendelea.

IGIZO FUPI

Wanachama wawili waigize, mmoja akiwa mweka hazina na mwingine mzee wa kikundi.

MWEKA HAZINA: Mzee, kaunti wametuletea bili ya ploti. Mwaka jana ilikuwa shilingi 2,300. Mwaka huu ni 4,600.

MZEE: Hao wanakula tu! Barabara iko wapi? Taka nani amezoa? Usilipe hata senti, mama.

MWEKA HAZINA: Na tukishtakiwa?

MZEE: Watashtaki wangapi? Soko zima halilipi.

MWEKA HAZINA: Lakini mzee, hizi 2,300 zaidi zimetoka wapi? Ni ploti imepanda bei, ni kodi imeongezwa, ama ni karani amekosea?

MZEE: Hapo sasa sijui. Na nani ataniambia?

Jadilianeni: Je, mzee ana haki ya kukasirika? Mweka hazina ameuliza nini ambacho mzee hakuuliza? Katika kikundi chetu, ni nani anajua thamani ya ploti yetu iliyoandikwa kaunti?

BILI MOJA, MAMBO MATATU

Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inaipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo. Kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi itakayotozwa bila sheria. Kwa hiyo kila shilingi kwenye bili hiyo lazima iwe na asili yake. Tuitenganishe.

La kwanza ni thamani. Mthamini hukadiria bei ya kila ploti na kuiandika katika daftari la thamani. Sehemu nyingi za Kenya huthaminiwa ardhi peke yake, bila kilichojengwa juu yake.

La pili ni kima, yaani ni kiasi gani kitatozwa juu ya thamani hiyo. Kima huwekwa kwa sheria inayopitishwa na bunge la kaunti.

La tatu ni matumizi: pesa zikishakusanywa, zimefanya nini?

Tufanye hesabu. Tuseme thamani ya ploti ya futi 50 kwa 100 ni shilingi 2,000,000, na kima ni 0.115 kwa mia. Kodi ya mwaka ni shilingi 2,300. Sasa tuseme karani ameandika ploti hiyo ni futi 100 kwa 100. Thamani inakuwa 4,000,000 na kodi 4,600. Hakuna aliyepandisha kodi wala aliyeiba. Kosa la namba moja limezaa bili maradufu, na litarudi kila mwaka mpaka mtu aende kulikagua.

Hapa ndipo kiini cha somo. Mashaka yetu yana milango mitatu. Thamani ikiwa na kosa, mlango ni daftari. Kima kikiwa kikubwa, mlango ni bunge la kaunti. Huduma zikikosekana, mlango ni bajeti. Ukipiga kelele ya taka kwa karani wa daftari, hatakusaidia hata akitaka.

KWA NINI WATU HAWAAMINI

Mashaka ya wananchi hayakutoka hewani. Jiji la Nairobi lilitumia daftari la mwaka 1982 kwa karibu miaka 40. Sheria ya zamani ilitaka ardhi ithaminiwe upya angalau kila miaka 10, lakini iliacha nafasi ya waziri kuongeza muda. Wakati huo wote bei za ardhi zilipanda sana, mtaa mmoja kuliko mwingine, na daftari likabaki vilevile. Daftari jipya lilipokuja, na kima cha 0.115 kwa mia ya thamani mpya, wengi walishtuka. Mwananchi ambaye hakuona hesabu ikifanywa huona mkono ukiingia mfukoni mwake.

Desemba 2024 ilitiwa sahihi Sheria ya Kitaifa ya Kodi za Ardhi, iliyochukua mahali pa zile za zamani. Inataka uthamini ufanywe kila miaka 5, na imeunda baraza la kitaifa la kuamua mashauri ya kodi hizi. Ni hatua njema. Lakini sheria haitakuja nyumbani kwako kukagua ukubwa wa ploti yako.

Wala tusidhani jambo hili ni la Kenya pekee. Tazameni mji wa Detroit, Marekani. Katiba ya jimbo lao inasema nyumba isikadiriwe zaidi ya nusu ya bei yake ya soko. Baada ya 2008 bei za nyumba zilianguka vibaya, lakini makadirio ya jiji hayakushuka ipasavyo. Wachunguzi waligundua kwamba kati ya 2009 na 2015, nyumba 55 hadi 85 katika kila 100 zilikadiriwa kupita kiwango hicho. Gazeti moja la huko lilihesabu mwaka 2020 kwamba wenye nyumba walitozwa zaidi ya haki kwa angalau dola milioni 600 kati ya 2010 na 2016. Nyumba za bei ya chini ndizo zilizoonewa zaidi. Watu wengi walishindwa kulipa, na nyumba zao zikauzwa.

Njia ya kulalamika ilikuwako. Lakini muda wa kuanza ulikuwa wiki mbili tu, mwezi wa Februari, na wengi hawakuitumia. Muda ukipita, hata mwenye haki hubaki nje.

HATUA ZA KUFUATA

1. Kusanyeni makaratasi: hati ya ploti, namba yake, ukubwa wake, na risiti zote za zamani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Nendeni ofisi ya kaunti watu watatu, si mmoja. Ombeni kuona ploti yenu ilivyoandikwa: jina, namba, ukubwa, thamani, na deni la nyuma. Nakilini palepale, pamoja na tarehe.

3. Linganisheni na ploti za jirani. Ploti mbili zinazopakana, za ukubwa mmoja na matumizi sawa, zikitofautiana sana, ulizeni sababu.

4. Mkizungushwa, andikeni barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakubali ombi la Kiswahili. Kupeleka ombi hakulipiwi, ila mnaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala. Ofisi inatakiwa kujibu katika siku 21. Ikikaa kimya, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Wekeni nakala iliyopigwa muhuri.

5. Daftari jipya likitangazwa, pingeni kwa maandishi kabla ya mwisho wa muda. Chini ya sheria ya zamani muda ulikuwa siku 28, kwa hiyo someni tarehe kwenye tangazo siku lilipobandikwa. Toeni sababu ya kuhesabika: "ploti yetu ni futi 50 kwa 100, si 100 kwa 100, hati hii hapa." Kuandika "kodi ni kali" hakutoshi.

6. Kuhusu kima na huduma, fikeni kwenye vikao vya maoni ya umma. Makadirio ya bajeti hufikishwa bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mkikosa kikao, sheria inawaruhusu kuandika ombi kwa bunge la kaunti.

TAHADHARI

Usinyamaze na kuacha kulipa. Deni huzaa riba, kaunti inaweza kushtaki, na bila cheti cha kutodaiwa huwezi kuuza wala kuhamisha ploti. Mzee wa igizo anasema soko zima halilipi, lakini siku ya mashtaka kila mtu hubeba jina lake. Katika miaka ya 1990, wakazi wa Karen na Langata, Nairobi, walichoka na huduma mbovu. Kupitia chama chao walienda mahakamani, na kodi yao ikawekwa katika akaunti maalum huku shauri likiendelea. Hawakukaa tu na pesa nyumbani. Walikuwa na chama, wakili na amri ya korti.

Usimpe mtu pesa mkononi, hata akiwa na kitambulisho. Lipa kwa njia rasmi ya kaunti na udai risiti. Na anayekuomba kitu kidogo "apunguze thamani" anakuuzia kamba, kwa sababu namba iliyobadilishwa kwa siri leo itabadilishwa kwa siri kesho.

Kumbukeni pia kwamba tangu zamani sheria imesamehe ardhi ya ibada, makaburi, shule na hospitali, lakini si sehemu inayotumiwa kwa biashara. Kanisa lililopangisha maduka kwenye uwanja wake lisijifiche nyuma ya madhabahu.

KAZI YA MWEZI HUU

Chagueni watu watatu, angalau mmoja awe mama na mmoja awe kijana. Waende kaunti kabla ya mkutano ujao na kuleta majibu matatu: thamani ya ploti yetu imeandikwa ngapi, ukubwa wake umeandikwa ngapi, na tunadaiwa ngapi. Katibu aandike majibu hayo kwenye kitabu cha kikundi, ukurasa wa peke yake, na kila mwanachama akijue kile kilichoandikwa.