Nyumba ni Maskani, Si Ghala

Somo letu la leo ni juu ya nyumba: namna ya kuipamba, na namna ya kuipunguzia vitu, ili wakaao ndani yake wapate raha. Huenda msomaji akauliza, "Jambo hili lahusu nini dini?" Jawabu ni kwamba lahusu sana. Katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu anazihesabu nyumba miongoni mwa neema zake, kuwa amezifanya mahali pa utulivu. Kisha anavitaja vyombo vya nyumbani vitokanavyo na sufi na manyoya ya wanyama, kuwa ni vya kustarehea kwa muda. Natuzingatie mambo mawili. Utulivu umetajwa kwanza, na vyombo baadaye. Tena vyombo vimewekewa mpaka. Basi chombo kinachoongeza utulivu kimefika mahali pake, na kinachouondoa, hata kiwe cha thamani namna gani, kimepotea njia.

Wala asidhani mtu kwamba twakataza pambo. Sura Al-A'raf, aya ya 31 na ya 32, zinaamrisha watu wajipambe waendapo kusali, zinakataza kupita kiasi, na zinamkanya anayeharamisha pambo ambalo Mwenyezi Mungu amewatolea waja wake. Pambo ni halali. Kibaya ni israfu na fakhari.

Sasa natuitazame hali ya miji yetu hii ya Mlima Kenya. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na Nanyuki imepita mita 1,900. Ifikapo Julai, mawingu hulifunika jua siku nyingi mfululizo, na baridi huingia mpaka mifupani. Wengi wetu katika mitaa ya Majengo hukaa chumba kimoja au viwili, na pazia ndilo litenganishalo kitanda na viti. Katika nafasi hiyo ndogo utakuta makochi yaliyoundwa kwa sebule ya jumba, kabati lililojaa vikombe visivyonywewa, masanduku yaliyopangwa mpaka darini, na vitambaa vya kufuma juu ya kila kitu. Mtoto hana pa kuandikia masomo yake. Anayetaka kusali hapati pa kutandika mswala mpaka kwanza aiondoe meza. Je, huu ndio utulivu?

Tena yako madhara makubwa kuliko kubanwa. Kabati likiziba dirisha, hewa haipiti. Usiku wa baridi mtu huingiza jiko la mkaa, akafunga mlango, akalala. Mkaa uwakao katika chumba kisichopitisha hewa hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini bila ya kuwaamsha. Basi jiko lisilale chumba kimoja na watu, hata dirisha likiwa wazi. Na dirisha lisizibwe kwa chombo chochote.

Kwa nini basi twarundika? Twaona sababu mbili. Ya kwanza ni fakhari. Mtu aoa leo, akakopa ili chumba chake kifanane na cha jirani; kochi likachakaa ilhali deni lingali jipya. Ya pili ni hofu, na hii yataka kutazamwa kwa huruma. Katika miaka ya 1954 na 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu waliozidi milioni moja wa Ukikuyu, Embu na Meru, ikawatia katika vijiji vya kulindwa, na nyumba nyingi walizoziacha zikabomolewa au kuchomwa moto. Mtu aliyepoteza vyake vyote kwa siku moja, au aliyelelewa na mzazi wa namna hiyo, halaumiwi akiweka kopo tupu na kusema, "Litafaa kesho." Kwa hivyo, enyi vijana, msikivamie chumba cha bibi yenu na kutupa vyake kwa jina la usafi. Mwulizeni kimoja kimoja. Atakachokikataa kitoke, kibaki.

Lakini hofu nayo ina mpaka wake. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa ya kwamba Mtume (s.a.w.) alitaja matandiko matatu: la mwanamume, la mkewe, na la mgeni, la nne akasema ni la shetani. Wanavyuoni wameeleza kuwa makusudio si hesabu ya matandiko, bali ni kile kinachozidi haja na kuwekwa kwa ajili ya kujifakharisha. Tuyapime maneno hayo kwa baridi ya Nyeri. Blanketi lililofungiwa sandukuni tangu arusi, likingojea mgeni asiyekuja, lingeweza kumfunika mtoto wa jirani alalaye akitetemeka nyuma ya ukuta ule ule. Hapo kupunguza vitu si kazi ya ufagio tu. Ni haki ya jirani.

Ama njia ya kufanya, twashauri hivi.

Kwanza, chagua siku ya jua, kama vile za Januari na Februari, uvitoe vitu vyote nje. Viweke mafungu matatu: vinavyotumika, vinavyoweza kumfaa mwingine, na vilivyokufa. Kitu kisichoguswa mwaka mzima, baridi yake na joto lake, aghalabu si cha fungu la kwanza.

Pili, usitoe takataka ukaiita sadaka. Sura Al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kukusudia kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Shati lifuliwe, kifungo kishonwe, ndipo lipelekwe. Kilichokufa kitupwe bila ya kumsumbua maskini.

Tatu, kabla ya kununua, geuza. Bibi Aisha (r.a.) alipotundika pazia lenye picha, na Mtume (s.a.w.) akalichukia, hakulitupa, alilikata akalifanya mito ya kuegemea. Hadithi hii yatufunza adabu ya kuta, na pia yatufunza kutopoteza kitambaa.

Nne, vyombo visigandame na ukuta wa nje. Acha nafasi ya kiganja, kwani mvua za Machi mpaka Mei huleta unyevu, na unyevu huleta kuvu juu ya nguo na kifua kwa watoto. Ukuta upake chokaa nyeupe: ni rahisi, huzuia kuvu, na huongeza mwangaza katika siku za mawingu.

Tano, pamba kwa kichache. Wazee wa Lamu na Pate walijenga zidaka ndani ya kuta zenyewe, wakaweka humo vyombo vyao vya kauri, na sakafu ikabaki wazi. Nasi rafu moja ya mbao yatutosha. Kiondo kilichosukwa na mikono ya mama zetu wa huku, kikitundikwa msumarini, ni pambo na tena ni kabati. Mawaridi hustawi katika hali yetu ya hewa. Ua moja katika gilasi safi lapendeza kuliko vikombe ishirini vyenye vumbi.

Haya yote hayataki fedha nyingi. Yataka siku moja, ufagio, na moyo uliokubali kuachilia. Na atakayeingia chumbani akakuta nafasi ya kukaa, hewa ya kuvuta na mwenyeji asiye na deni, huyo amekirimiwa, ijapokuwa amekalia mkeka.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Ni kitu gani nyumbani kwako kimewekwa kwa ajili ya macho ya watu tu?

2. Ni nani mtaani kwako atakayeingia Julai bila ya blanketi, na je, lake liko sandukuni mwako?

3. Dirisha la chumba walalamo watoto wako lafunguka?